Simu kwa Mama wa Golikipa

Rhonda Delvecchio si mtu wa kujutia mambo, lakini ipo simu moja aliyoipiga mwaka 1986 ambayo hadi leo, ikimjia akilini huku anaosha vyombo, hucheka peke yake mpaka mumewe anachungulia jikoni kuuliza kuna nini.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Chuo cha Wexley, kaskazini mwa Ohio. Baba yake alikuwa dereva wa basi la shule, na yeye mwenyewe alisomeshwa kwa ufadhili na kwa kusugua masufuria katika bwalo la chakula. Mpira aliupendea hapohapo kwenye masufuria. Mlango wa nyuma wa jiko ulitazamana na uwanja, na Jumamosi wanafunzi wenzake walipokuwa wakipiga kelele, Rhonda alitoka nje na aproni yake imelowa, akasimama kuangalia dakika mbili, kisha kumi, hadi siku moja mpishi mkuu akatoka kumfuata na wote wawili wakabaki hukohuko mpaka filimbi ya mwisho.

Vyuo vingine vya jimbo lile vilikuwa na ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Wexley hawakuwa nao, maana kilikuwa chuo kidogo. Bramlett, maili kumi na mbili upande wa ziwa, nao hawakuwa nao, maana kilikuwa chuo maskini. Kwa hiyo chuki yote ambayo wengine waliigawa kwenye michezo sita, Wexley na Bramlett waliimimina kwenye soka peke yake, na mara moja tu kwa mwaka, Oktoba.

Walikuwa watani wa jadi hasa. Wexley walikaa kilimani kwenye majengo ya matofali yaliyotambaliwa na mimea, wakaitwa Bundi. Bramlett walikaa bondeni karibu na kiwanda cha kuyeyushia chuma, wakaitwa Nyundo. Mwaka mmoja Nyundo walipanda kilimani wakamvika sidiria mwanzilishi wa Wexley, yule wa shaba aliyesimama mbele ya maktaba. Bundi walisubiri baridi ipite. Walishuka bondeni mwezi Machi na magunia mawili ya mbolea, wakaimwaga uwanjani kwa mpangilio, na mwezi Mei nyasi za Bramlett ziliota neno WEXLEY kwa kijani kibichi kiasi kwamba rubani wa ndege ya kunyunyiza dawa mashambani alilisoma angani akawapigia simu gazetini.

Rhonda alikuwa na cheo katika vita hivi. Nyuma ya goli la upande wa jiko walisimama mashabiki kama mia tatu, na kazi yao ilikuwa moja: kumsomea kipa wa wageni maisha yake. Jina la katikati ambalo hakutaka lijulikane, msichana aliyemwacha, alama aliyopata kwenye kemia. Mambo hayo ilibidi mtu ayatafute, na mtu huyo alikuwa Rhonda. Kipa mmoja kutoka Akron alikuwa na kijibwa kiitwacho Binti Mfalme. Rhonda alilijua hilo kupitia kwa binamu wa rafiki wa dada yake. Mia tatu wakabweka dakika tisini, na kipa akafungwa manne.

Kisha Bramlett wakapata kipa mpya, Bálint Kerekes.

Alikuwa mrefu, mtulivu, mtoto wa mtaa wa Wahangaria waliokuja kufanya kazi kiwandani. Rhonda alichimba wiki nzima bila kupata kitu. Hakuwa na msichana wa kumwacha. Kemia alifaulu. Hata jina la katikati hakuwa nalo.

"Huyu si mtu, huyu ni mlingoti," alisema Curt Lindqvist, mpiga ngoma wao, jitu la nywele nyekundu lililopiga ngoma kubwa kana kwamba anaidai. "Rhonda, tumekwisha."

"Hakuna mtu asiyekuwa na mama," Rhonda akajibu.

Akakifungua kitabu cha simu. Palikuwa na Kerekes watatu. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Wa pili, muuza nyama, alikata simu kabla hajamaliza salamu. Wa tatu ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole na lafudhi nzito.

"Shikamoo, mama. Mimi naandikia gazeti la wanafunzi wa Bramlett," alisema Rhonda, amebana mkono wa simu begani kwenye korido ya bweni, kalamu tayari. "Tunaandaa makala kuhusu wachezaji wetu."

"Marahaba, mwanangu. Gazeti! Jamani. Na wewe unaitwa nani?"

"Susan."

"Susan nani?"

Rhonda hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alitupa macho ukutani, yakaangukia tangazo la kusafisha mazulia. "Susan Zulia... Zulinski."

"Zulinski. Vizuri sana. Umekula, Susan?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Ilichukua dakika kumi kufika kwa Bálint. Bi. Ilonka Kerekes alieleza alivyozaliwa, uzito wake, meno yake. Rhonda akaandika kila kitu, na hakuna kilichofaa. Alikuwa karibu kukata tamaa ndipo yule mama akashusha sauti.

"Kuna jambo moja, lakini hili usiliandike."

"Siandiki, mama," alisema Rhonda, na akageuza ukurasa mpya.

"Ana kaka yake, Gábor. Walipokuwa wadogo, Gábor alikuwa na maneno ya kumtukana. Kwa Kihangaria. Akimwambia tu, mtoto wangu miguu inalegea, anakaa chini, analia. Mpaka leo! Mwanaume mzima. Juzi Gábor amemwambia mezani kwa utani, kijiko kikamdondoka."

"Maneno gani hayo?"

"Aa, siwezi. Mabaya mno."

"Tafadhali, mama. Ili tu... wenzetu gazetini wasije wakayataja kwa bahati mbaya."

Mama akavuta pumzi kama mtu anayejitoa mhanga. "Haya. Andika." Akamtajia herufi moja moja: *Éljen Bálint, mi szamarak vagyunk.* "Hiyo e kubwa ya mwanzo uiwekee kimstari juu. Na ile a ya jina. Bila vimstari haitamuuma."

"Kumbe jina lake limo humo?"

"Sasa tusi lisilo na jina litajuaje pa kwenda?"

Rhonda akaona lina mantiki. Alimshukuru, akakata simu, akatimua mbio koridoni hana viatu, anapiga vigelegele.

Wiki mbili walizofanya mazoezi zilikuwa wiki tamu kuliko zote za ujana wake. Kila jioni baada ya chakula, mia tatu walijaa nyuma ya bwalo wakifundishwa Kihangaria na msichana aliyekuwa hakijui. Curt alitunga mdundo. Walishona mashuka matatu pamoja, wakaandika yale maneno kwa rangi ya buluu, herufi ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na vimstari vyote mahali pake. Mtu mmoja mwangalifu alimpelekea profesa wa Kilatini karatasi ile amweleze maana. Profesa aliisoma, akaigeuza juu chini, akasema kwa uhakika kwamba hicho si Kilatini.

"Una hakika na huyu mama?" Curt alimuuliza siku moja, wanakausha shuka.

"Curt, mama gani anamdanganya mwandishi wa gazeti kuhusu mtoto wake?"

Curt alifikiri, hakumpata.

Siku ya mechi kulikuwa na baridi ya kukata na jua la bure. Mabasi ya Bramlett yalipanda kilima saa saba mchana, na nyuma yao likaja basi moja ambalo halikuwahi kuonekana, basi la kanisa. Wakashuka watu kama hamsini, wazee wengi, wanawake wenye vitambaa kichwani, wanaume wenye kofia nzuri za Jumapili, na padri. Wakaenda kuketi jukwaa la upande wa pili, kimya, mikono mapajani, kama watu waliokuja kwenye harusi wakaambiwa bibi harusi amechelewa. Rhonda aliwaona, akafurahi. Kumbe ukoo mzima ulikuwa umekuja kushuhudia.

Aliacha dakika ishirini zipite. Halafu akainua mkono. Ngoma ya Curt ikagonga mara tatu, mashuka yakafunguka kutoka ncha hadi ncha nyuma ya goli la Bálint, na koo mia tatu zikatoa kwa pamoja: "Éljen Bálint! Mi szamarak vagyunk!"

Kipa akageuka.

Alilisoma shuka. Akalisoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika, akajishika magoti, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa nyasi.

"Analia!" Rhonda alipiga kelele. "Mungu wangu, analia kweli! Ongezeni!"

Wakaongeza. Ng'ambo ya uwanja wale wazee hamsini wakasimama kwa pamoja, wakavua kofia, wakaanza kupiga makofi taratibu, kwa heshima. Padri alijaribu kusimama akashindwa, akaketi amejifunika uso kwa skafu. Rhonda aliona jambo hilo kuwa geni kidogo, ila alidhani huenda ndivyo Wahangaria wanavyoomboleza.

Bálint alinyooka, akajifuta macho kwa glovu, akawainamia mashabiki wa Wexley kama mwanamuziki mwisho wa onyesho. Kuanzia hapo hakupitika. Alidaka mashuti ya mbali kwa mkono mmoja. Alipangua kichwa ambacho nusu ya uwanja ulikuwa umekwisha kukishangilia. Kila wimbo ulipopanda nyuma yake alizidi kurefuka, akicheza huku anatabasamu.

Mapumziko yakafika bila bao. Rhonda alikwenda kununua kahawa kwa mzee aliyeuza vinywaji pembeni ya uwanja miaka yote, mzee Lajos, ambaye hakuwahi kuongea zaidi ya "sukari?" Leo alikuwa ameegemea toroli lake, machozi yanamchuruzika.

"Binti," alisema, "hicho ni Kihangaria, lugha yangu. Mnajua mnachosema pale?"

"Tunamtukana."

"Mnamtukana. Sawa. Mnasema, 'Aishi Bálint, sisi ni punda.'"

Rhonda alisimama na kikombe mkononi.

"Sema tena, mzee."

"Sisi. Ni. Punda. Na mnatamka vizuri! Hasa yule wa ngoma. Yule ni punda kamili."

Hapo ndipo Rhonda alipojijua. Aliangalia kule nyuma ya goli: vijana mia tatu wenye mashavu mekundu, wanakumbatiana, wanamnyooshea dole gumba. Kuwaambia kungekuwa kuwavua nguo hadharani. Kutowaambia kungekuwa kuwaacha watembee uchi bila wao kujua. Alirudi polepole.

"Vipi?" Curt akauliza. "Umekuwa mweupe."

"Kahawa ya moto."

"Tuendelee na ileile?"

"Ileile," alisema Rhonda, na kipindi chote cha pili aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, akijua kila neno, na kitu fulani ndani yake kikaanza kufurahia uwezo wa yule mama hata kabla hakijamaliza kumchukia. Bramlett walipata bao kwa kona dakika ya sabini na moja. Ikaisha hivyo.

Watu walipoanza kutawanyika alilifuata basi la kanisa. Kwenye ngazi zake alisimama mwanamke mnene mfupi, aliyefungua sufuria iliyofungwa kwa blanketi, akigawa kabichi zilizoviringishiwa nyama na wali, mvuke wa pilipili nyekundu unapanda hewani. Rhonda alisimama nyuma yake.

"Samahani, mama..."

"Susan!" alisema Bi. Ilonka bila kugeuka. "Sogea, mwanangu. Shika sahani."

"Umenijuaje?"

"Sauti. Nimekaa na sauti yako nusu saa." Sasa akageuka, macho madogo yanang'aa kama ya panya aliyekwisha kula jibini. "Mhariri wa gazeti la Bramlett ni mpwa wangu. Anakula kwangu kila Jumapili. Hana Zulinski wala Zulia."

"Ulitufanya punda."

"Mimi? Mimi niliandika shuka? Mimi nilipiga ngoma?" Akamwekea kabichi mbili, akaongeza ya tatu. "Lakini kazi nzuri. Vimstari vyote viwili. Nilimwambia padri, huyu msichana amelelewa. Jina lako hasa nani?"

"Rhonda."

"Kula, Rhonda. Umekonda."

Akala amesimama pale kwenye ngazi za basi la adui, na ilikuwa tamu, jambo lililozidisha uchungu. Bálint alipita na begi lake, akamwona, akashika kifua, akainama tena kwa adabu zote. Rhonda alimrushia uma wa plastiki, ukamkosa. Jumatatu gazeti la Bramlett lilichapisha picha ya shuka ukurasa mzima, na tafsiri chini yake. Kwa mwezi mzima kila Rhonda alipoingia bwaloni, mtu fulani mezani alilia kama punda. Curt hakumsemesha siku nne. Ya tano akaja jikoni, akasema, "Angalau mimi nilikuwa punda kamili," na wakapatana.

Mwaka uliofuata mechi ilikuwa bondeni, na ilikuwa ya mwisho kwa Rhonda kama mwanafunzi. Tangu Agosti aliwaza kisasi. Alifikiria kuku, moshi, tarumbeta. Kila alichokifikiria alimwona yule mama amekwisha kukijua. Ndipo ikamjia kwamba mtu aliyezoea kudanganya ana udhaifu mmoja: hawezi kuuamini ukweli hata ukimkalia mapajani.

Wexley walikuwa na mpiga penalti, Teddy Marchbanks, ambaye alishavunjika kifundo cha mguu akiwa mdogo. Tangu hapo hakuweza kupiga penalti isipokuwa upande mmoja, kushoto kwa kipa, chini. Ilikuwa siri kubwa ya timu. Rhonda aliijua kwa sababu Marchbanks alikuwa akimsaidia kufuta masufuria na alikuwa mtu wa kulalamika.

Alipiga simu Jumatatu.

"Mama Kerekes, ni Rhonda."

"Rhonda! Sio Susan leo? Umekula?"

"Nimekula. Mama, nisikilize vizuri. Penalti zetu anapiga Marchbanks. Anapiga kushoto kwa kipa, chini, siku zote. Mwambie Bálint."

Upande wa pili kikaja kicheko kirefu kilichoanzia tumboni.

"Mwanangu, mwanangu. Kweli unaniona mimi ni mtoto wa jana?"

"Nakwambia ukweli, mama. Naapa."

"Anaapa! Haya, asante. Nitamwambia."

Mengine Rhonda aliyajua baadaye sana, kutoka kwa Bálint mwenyewe. Wiki ile nyumbani kwa Kerekes hapakulika kwa amani. Mama alisema msichana anadanganya, kwa hiyo ni kulia. Gábor alisema msichana anajua kwamba watadhani anadanganya, kwa hiyo ni kushoto. Mama akasema hapana, anajua kwamba watajua kwamba anajua, kwa hiyo ni kulia. Baba akasema pitisheni chumvi. Ijumaa mama akatoa uamuzi: kulia.

Mechi yenyewe ilikuwa vita. Bao moja kwa moja hadi mwisho wa mwisho, matope, mvua nyepesi, Bramlett wanawazomea Bundi kwa milio ya punda kutoka pande zote nne. Dakika ya themanini na saba beki wa Bramlett alimkwatua mtu ndani ya boksi, na refa akanyoosha kidole kwenye nukta.

Wexley wote waliruka. Rhonda hakuruka.

"Curt," alisema, amemshika mkono. "Nimemwambia."

"Umemwambia nani nini?"

"Mama wa kipa. Nimemwambia Teddy anapiga kushoto."

Curt aliacha fimbo ya ngoma idondoke. "Rhonda, una wazimu?"

"Ni mpango. Hataniamini."

"Na akikuamini?"

Rhonda aliangalia ng'ambo, akamwona Bi. Ilonka amesimama juu ya benchi na mwavuli, anamfanyia mwanawe ishara ndogo kwa kidole: kulia. Lakini Bálint hakuwa anamwangalia mama yake. Alikuwa anamwangalia Rhonda. Alimkazia macho kwa muda mrefu, akimtafuta usoni, na Rhonda, kwa mara ya kwanza tangu awe shabiki, hakujua aweke sura gani. Akaweka ya kweli. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono: kushoto. Kushoto, jamani!

Bálint akatabasamu. Akaruka kulia.

Mpira wa Marchbanks ulikwenda kushoto, chini, taratibu mno, ukaviringika kwenye matope kama mzee anayerudi nyumbani, ukagusa nyavu. Mbili kwa moja. Mashabiki wa Wexley waliingia uwanjani, Curt akiwa na ngoma kichwani.

Bálint alibaki amelala kwenye matope, anaangalia mbingu. Kisha akakaa, na hakumwangalia mpigaji wala refa. Alimgeukia mama yake. Mama alikuwa akimwangalia Rhonda. Na Rhonda alipandisha mabega, akafungua viganja, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Nilikwambia!"

Bi. Ilonka aliushusha mwavuli. Hakutabasamu. Jioni ile kwenye ngazi za basi la kanisa, lililowaleta wazee uwanjani, alimpakulia Rhonda kabichi moja tu, ndogo, na hakumuuliza kama amekula. Alimwachia sahani, akasema, "Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimedanganywa kwa ukweli," na akaenda kukaa kiti cha mbele. Rhonda alidhani amempoteza. Alishangaa kuona jinsi alivyoumia.

Baada ya siku tisa simu ya koridoni ikaita. "Jumapili," sauti ilisema. "Saa sita. Usichelewe, mpwa wangu anakula sana." Ikakatwa.

Basi Rhonda akaenda Jumapili ile, na nyingine nyingi. Alipohitimu alipata kazi ya ualimu mji wa katikati, maili sita kwa Wexley na maili sita kwa Bramlett. Watu walimtarajia aolewe na Bálint, na Bi. Ilonka alikuwa wa kwanza kuwakatisha: "Mtoto wangu hawezi kuishi na mtu mwerevu kuliko yeye, atachoka." Bálint alimwoa mhasibu wa Cleveland. Rhonda aliolewa na mwalimu wa baiolojia asiyejua kutofautisha kona ya uwanjani na kona ya barabarani, na harusini Bi. Ilonka alicheza na Curt mpaka Curt akaomba kupumzika.

Kila Oktoba, hata hivyo, urafiki ulisimamishwa. Wiki ya mechi hawakupigiana simu. Uwanjani kila mmoja aliketi jukwaa lake, wakizomeana kwa umbali, na sufuria ilifunguliwa baada ya filimbi ya mwisho tu.

Iliendelea hivyo mpaka mwaka 2013, Bi. Ilonka alipokuwa na miaka sabini na minane na nyonga mpya ya chuma. Ngazi za jukwaa zilikuwa zimemshinda. Uongozi wa uwanja wa Bramlett ulimpa benchi la chini, karibu kabisa na mstari, na ukasema mtu mmoja akae naye. Bálint alikuwa safarini. Akaitwa Rhonda.

"Usinishangilie sikioni," Bi. Ilonka alimwonya, anajitandaza blanketi.

"Usinipige na fimbo nikishangilia."

Dakika kumi za mwanzo waligeuziana migongo kwa ukamilifu. Tatizo lilikuwa refa. Alikuwa kijana wa miguu myembamba, na alikosea kwa usawa: aliwanyima Bramlett kona ya wazi, kisha akawanyima Wexley faulo iliyosikika mpaka barabarani.

"Huyu ana macho?" Rhonda akauliza.

"Ana mawili," Bi. Ilonka akasema. "Ameyaacha nyumbani kwenye glasi."

Wakageukiana. Kuanzia hapo walikuwa timu moja. Rhonda alikuwa na sauti, Bi. Ilonka alikuwa na maneno, na walikuwa mita tano kutoka mstarini. Walimuuliza refa kama filimbi yake ni ya kukodi. Walimuuliza mama yake anajua aliko. Bi. Ilonka alimpa pole kwa Kihangaria, kwa kirefu, akianzia na babu zake. Mshika kibendera aliyekimbia mbele yao alianza kucheka mpaka akakosa kuona mtu aliyeotea. Dakika ya sitini refa alisimamisha mchezo, akamwita mlinzi wa uwanja, akanyoosha kidole kwenye benchi.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo mwenye upara, na alionekana kutamani ardhi immeze. "Mama zangu, nimeambiwa niwatoe."

"Mimi ni mlemavu," Bi. Ilonka akasema kwa heshima.

"Nitakubebea kiti, mama."

Wakatolewa, uwanja mzima umesimama, Bundi na Nyundo wakiwapigia makofi kwa pamoja. Mlinzi akawaweka nje ya geti, kwenye maegesho, Bi. Ilonka kwenye kiti alichobebewa, sufuria magotini. Uzio ulikuwa umefunikwa turubai; hawakuona chochote ila vichwa vya nguzo za taa. Wakafungua sufuria mapema. Wakala kwa vidole, wanasikiliza.

Mara kishindo kikalipuka ndani, kikubwa, cha bao. Wote wawili waliinuka, Bi. Ilonka na nyonga yake.

"Letu!" alisema Bi. Ilonka.

"Hilo letu, mama, hiyo kelele ya upande wa kulia."

"Kulia ndiko tunakoketi sisi!"

"Kulia kwa ndani, mama! Kwa huku nje kumekuwa kushoto!"

Wakabishana mpaka mchuzi ukapoa. Mwishowe Rhonda akagonga geti, na mlinzi akafungua kiasi cha kutoa pua.

"Kaka, samahani. Nani amefunga?"

Mlinzi alimwangalia Rhonda, akamwangalia Bi. Ilonka aliyeshika kijiko cha kupakulia kama mkuki. Akafikiri kidogo. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Aa," alisema, "mtasoma gazetini," na akafunga geti.